Kiti kwa Enterimeri Mwingine

Sitwayeni mujumbe wa Komisere wa Zoni. Sitwayeni Delege Mukalay, uliyekuja na treni kutoka biro kubwa ya sosiete, kampuni yetu, kule Lubumbashi. Padri Nicolas, unayetuombea hata tusipokuomba. Wakubwa wa divizioni ya mashua. Ndugu wavuvi wa Kituku, ambao leo mumeacha ziwa lenu kwa ajili yetu. Ndugu wageni waalikwa, kila muntu kwa heshima yake. Akina papa wa maboya na akina mama wenzangu wa mafundo. Na wewe Mama Thérèse. Na wewe tunayekuaga leo, Sitwayeni Direkteri Banza, ambaye hapa kwetu hakuna muntu anayekuita vile:

Jambo yenu wote!

Mbele ya yote ninaomba wale wa upande wa ukuta wasogee, jua linakuja huko na watoto hawana kofia. Mama Pascasie, sogeza huyo mutoto. Huyo, ndiyo. Haya, sasa nitaweza kusema, maana nikiona mutoto kwenye jua maneno yote yananikimbia.

Mutaniuliza, juu ya nini hotuba hii isemwe na Mama Clémence, ambaye masista walimufundisha mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu, kisha akaitwa nyumbani kulea wadogo zake? Na mimi niliuliza vile vile. Wenzangu wakanijibu: «Mama Clémence, katika divizioni hii ya nyavu wewe njo umeona wakubwa wengi wakiondoka kuliko sisi wote. Unajua namna wanavyoondoka. Simama useme.» Basi nimesimama. Mimi nitasema.

Ndugu zangu, mimi wakubwa wa kazi ninawakumbuka kwa watoto wangu. Direkteri wa kwanza niliyemuona akiondoka, Adrienne alikuwa tumboni. Alikuwa muntu murefu, wa maneno machache, na siku alipoondoka tulilia mpaka uzi mikononi ukalowa. Tulifikiri direkteri akitoka, mafundo yatafunguka yenyewe. Kesho yake tukaja kazini, tukavuta wavu huku, tukavuta kule, mafundo yako palepale, magumu kama jana. Tukaona haya kidogo.

Direkteri wa pili aliondoka wakati Urbain wangu anajifunza kutembea. Yule aliondoka kwenye mvua, bila kuaga muntu. Tulipata habari kwa dereva wake, aliyekuja kutuuliza sisi, akina mama wa mafundo, sasa yeye amupeleke nani na wapi. Hatukulia. Mama Virginie aliuliza tu, «Angalau alichukua mwavuli?» kisha tukaendelea na kazi.

Na wa tatu? Ah, wa tatu. Emilie alikuwa anang'oka meno ya utoto. Yule direkteri alikuwa na sauti, sitasema zaidi, ni baba ya watu. Siku aliyoondoka, Padri unisamehe, tulicheza. Mama Pascasie aligeuza beseni la rangi akalipiga kama ngoma, hata akina papa wa maboya wakaja. Tuko katikati ya kucheza, mulango unafunguka: ni yeye! Alikuwa amesahau miwani. Wote tuli, kama kuku walioona mwewe. Mama Pascasie peke yake alipata maneno. Akasema: «Shefu, tunacheza kwa huzuni.»

Na yeye, musicheke kwanza, na yeye akatoa kitambaa akapangusa macho. Akatuambia hakujua kama tulimupenda namna ile.

Ninayasema haya ili wageni waelewe kwamba sisi si watu wanaolia kila direkteri anapofunga sanduku. Tumelia, tumenyamaza, tumecheza. Lakini safari hii, Papa, hatujui tufanye nini na miili yetu, na njo jambo nililosimama kulieleza.

Baada ya yule wa miwani, mambo ya divizioni yalikuwa yamelegea. Uzi wa nailoni haukufika, na ukifika ulikuwa wa rangi isiyotakiwa. Watu wa mujini Kalemie walisema nyavu zimekufa. Halafu asubuhi moja karani akasimama kwenye mulango wa atelie, nyumba yetu ya kazi, akasoma kwamba kutoka Lubumbashi atatumwa kwetu direkteri enterimeri.

Sasa mukumbuke wakati ule ulikuwa wakati gani. Ulikuwa wakati wa kubadilisha majina, na kila Bwana akawa Sitwayeni! Jirani uliyezoea kumuita Germain, ukiamka asubuhi anakuambia, «Jina langu siyo tena lile,» anakupa lingine lenye sehemu tatu, na wewe uliweke kichwani mbele ya kuteka maji. Kwa hiyo mukubwa anayeitwa Enterimeri hakutushangaza hata kidogo. Mama Virginie akasema, «Hilo ni jina la watu wa Equateur.» Mama Pascasie akasema, «Apana, ni la Bas-Zaïre, nilimujua mwalimu mumoja wa huko.» Wakabishana mpaka saa ya kutoka. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa kitu kingine: kama tutaliimba vizuri. Maana tulikuwa tumekata shauri kumupokea na wimbo.

Siku ilipofika tulikwenda stasioni, wote tumevaa vikwembe vya kitenge vya kufanana, Julienne wangu yuko mugongoni, mutoto wa miezi. Treni ikasimama. Akashuka muntu mumoja mwembamba, koti la abakosti limemupita mabega, sanduku dogo mukononi. Tukaanza: «Enterimeri, karibu ee! Enterimeri, ukae kwetu!» Yule muntu akasimama. Akageuka nyuma aone ni nani anayeimbiwa. Nyuma hakuna muntu, ila mbuzi wa muntu wa Niemba waliokuwa wanashushwa. Akatuangalia tena. Akaweka sanduku chini, akavua kofia, akacheza.

Papa, mpaka leo hujatuambia ulifikiri nini dakika ile. Lakini hukuturekebisha. Muntu mwingine angetufundisha Kifaransa palepale kwenye stasioni, mbele ya mbuzi. Wewe ulicheza.

Basi tukamuita Papa Enterimeri, na yeye akaitika. Mama Thérèse alipofika baadaye na watoto, tukamuita Mama Enterimeri, na yeye akatazama bwana yake, bwana yake akamukonyeza, akaitika. Tuliendelea vile mpaka homa ilipomushika Papa, homa kali, na Mama Virginie akaenda kanisani kuomba misa ya mugonjwa. Padri Nicolas yuko hapa, yeye ni shahidi. Alifika kwenye lile jina, akasimamisha misa. Akamuita Mama Virginie pembeni: «Mama, huyu Enterimeri ni muntu ao ni kazi?»

Mama Virginie akamujibu: «Ni muntu, Padri, na ana homa.»

Misa ikasomwa. Kisha Padri akatukalisha chini akatueleza kwamba neno hilo ni la Kifaransa, maana yake muntu aliyewekwa kwenye kiti cha mwingine kwa muda, mpaka mwenye kiti afike. Ndugu zangu, haya tuliyoiona! Tulikwenda nyumbani kwake, tumeinama, tumebeba machungwa, tumuombe radhi. Yeye yuko kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Tulipomueleza akacheka, akacheka mpaka dawa ikarudi, Mama Thérèse akakasirika akatufukuza wote. Tukiwa mulangoni akatuita tena, akasema: «Mama zangu, jina hilo musiliache. Siku mutakayoacha kuniita Enterimeri, njo siku nitafunga masanduku yangu.»

Yeye alikuwa anafanya mchezo. Sisi tulimusikia kwa masikio yote mawili. Kuanzia siku ile tulikuwa tukimusahihisha mugeni yeyote anayesema «Direkteri Banza». Tulikuwa tukimuambia taratibu: «Hapa anaitwa Papa Enterimeri.» Muntu aliyetumwa kwetu kwa miezi michache, amekaa mpaka yule Julienne niliyekuwa nimemubeba mugongoni leo ni fundi wa mafundo, anakaa kando yangu, na ananiambia uzi wangu umelegea.

Sasa, alifanya nini cha kuaga namna hii? Alileta mashine? Apana. Alijenga nyumba mupya? Apana. Nitawaambia jambo la kwanza alilofanya. Aliingia biro, akakuta kile kiti cha direkteri, cha ngozi, chenye magurudumu. Akakizunguka. Akatoka, akamuona Mama Virginie anavyoshika kiuno kila akiinuka, akakisukuma kile kiti mpaka kwenye atelie, akasema: «Mama, hiki ni chako.» Muntu aliyetumwa kukalia kiti cha mwingine, hakukikalia hata siku moja! Yeye akaomba kiti kifupi cha miguu mitatu kama vyetu, akakaa kati yetu, akasema afundishwe fundo.

Papa, leo ni siku ya ukweli. Fundo hukulijua. Macho ya wavu wako yalikuwa makubwa kuliko kipimo, na kuna muvuvi wa Kituku, ninamuona hapo nyuma ameficha uso, aliyerudisha wavu wenye kipande chako, akasema mbele ya watu wote: «Samaki mikebuka wamepita hapa na mizigo yao na watoto wao.» Tukaogopa. Tulifikiri Papa atamufukuza. Papa akakata kile kipande, akakitundika juu ya mulango wa biro yake, na tangu siku ile kila jicho lililozidi kipimo linaitwa jicho la Enterimeri. Hata sasa Julienne akinisahihisha anasema, «Mama, umeweka Enterimeri hapo.»

Na uzi ulipokosekana kabisa, yeye alisema nini? Alisema: «Uzi hakuna, lakini ziwa liko na samaki wako, na kule pwani nyavu za watu zimepasuka. Twende tukazitafute.» Akatembea kwenye mchanga wa Kituku na Mama Pascasie, suruali ya abakosti imekunjwa mpaka kwenye magoti, wanaita kama wachuuzi: «Nyavu za kushona! Nyavu za kushona!» Muvuvi mumoja akamuuliza, «Wewe ni direkteri ao ni muchuuzi wa vitumbua?» Akajibu, «Mimi ni Enterimeri.» Akapewa nyavu tatu. Tulizifungua zile za zamani kabisa, tukatoa uzi wake, tukashona zile zinazoshoneka, na wavuvi wakatuletea ndakala na mikebuka. Kule mujini walikuwa wanasema nyavu zimekufa, na sisi tulikuwa tunanuka samaki kwa kushiba. Ni kweli ao ninasema uongo, akina mama? Musikieni wenyewe.

Kisha ikaja siku ambayo mpaka sasa inanisumbua. Mwaka uliopita, kabla ya mvua, kutoka Lubumbashi ikaja habari njema sana: Sitwayeni Banza si enterimeri tena, sasa ni titileri, direkteri wa kweli kwenye kiti chake mwenyewe. Tulipika! Tulipika sombe, majani ya muhogo, tulichinja bata wa Papa Floribert, zamu wetu wa mulangoni, na yeye mwenyewe akamushika miguu. Karani akatuambia: «Sasa heshima inataka mumuite Direkteri.» Na sisi, kwa heshima, tukatii. Direkteri huku, Direkteri kule. Midomo ilikuwa inateleza, lakini tulijikaza.

Mvua ikaja, mvua haijaisha, ikaja habari ya pili: direkteri wa kweli anaweza kupelekwa popote kazi inapomutaka, na Lubumbashi inamutaka.

Mama Virginie akaweka mikono kichwani, akalia: «Tumemufukuza kwa midomo yetu!» Padri ametueleza kwamba haikuwa vile. Tunakusikia, Padri. Lakini kuanzia siku ile hakuna aliyemuita tena Direkteri ndani ya uzio huu, na mimi leo nimemuita vile mara moja tu pale mwanzo kwa sababu ya wageni.

Sitwayeni Delege, niruhusu nikueleze namna watu wa hapa walivyoipokea habari. Papa Floribert alisema mulango wa magari umeshika kutu, haufunguki, gari la kubeba mizigo ya Papa haliwezi kuingia, yeye anatafuta mafuta. Alitafuta mafuta juma zima. Mutungi ulikuwa nyuma ya mugongo wake. Akina papa wa maboya, ambao siku zote wanapiga miluzi, waliacha miluzi, ukasikia hata nzi. Mama Virginie, fundi mukubwa kuliko sisi wote, alifuma wavu ambao mbuzi angepita bila kuinama. Nilipomuonyesha akasema, «Uache. Ni wa ukumbusho.»

Na sisi wengine, tulianza kubeba viti.

Wageni hamuwezi kuelewa mambo ya viti, nitayaeleza. Hapa kila mama, siku ya kwanza ya kazi, anakuja na kiti chake kutoka nyumbani, kifupi, cha miguu mitatu. Bwana yako amekichonga, ao kaka yako. Unakikalia miaka, kinakujua, kinapata umbo lako, ukikalia cha mwingine mugongo unauma na mafundo yanakwenda upande. Siku zote tuliviacha ndani ya atelie, kila kimoja mahali pake.

Lakini ng'ambo ya kiwanja hiki iko nyumba ya divizioni ya magunia. Mukigeuka mutaiona, ile yenye mulango wa bati. Direkteri wao aliondoka wakati Julienne anapokea komunio ya kwanza. Wakaambiwa kiti chake kitabaki wazi kwa muda. Kisha ikaletwa kufuli, kwa muda. Ile kufuli mpaka leo iko pale, nyigu wamejenga juu yake. Na ukichungulia kwenye dirisha utaviona viti vya wenzetu, vimepangwa mustari, kama vile wenyewe wamekwenda kunywa maji na watarudi sasa hivi. Dada yake Mama Virginie anakuja pale kila mara anapokwenda sokoni, anakitazama kiti chake. Bwana yake aliyekichonga amekufa.

Kwa hiyo habari ilipotufikia kwamba Papa anaondoka, na kwamba kiti cha mukubwa wa nyavu kitabaki wazi kwa muda, hakuna aliyemuambia mwenzake neno. Jioni ile ile tulitoka, kila mama na kiti kichwani. Asubuhi tukarudi navyo. Jioni tukatoka navyo. Watoto wa njiani wakatutungia wimbo, sitauimba hapa. Bwana yangu akaniona ninaingia na kiti, na Julienne nyuma na cha kwake, akauliza, «Mama Adrienne, leo tuna wageni?» Nikamujibu, «Tuna woga.»

Papa Enterimeri alikuwa dirishani akatuona tunapita. Kesho yake, saa ya kutoka, mulango wa biro ukafunguka, na yeye akatoka amejitwika kiti chake kichwani, abakosti na vifungo vyote, akaingia kwenye mustari nyuma ya Mama Pascasie. Akatembea na sisi mpaka kwenye njia panda ya Kataki. Watu walisimama na baiskeli zao. Tulicheka mpaka tumbo likauma, na yeye shingo imesimama kama musichana aliyebeba mutungi wa kwanza. Lakini pale njia panda, wengine walipokwenda, aliniambia polepole: «Mama Clémence, mimi ninaondoka, nikisema watafikiri ninajipenda. Wewe unabaki. Siku ya kuaga, useme mambo ya viti.»

Njo ninayasema.

Sitwayeni Delege Mukalay, ninakuheshimu, na una mama yako aliyekulea, ninakusemesha kama yeye angekusemesha. Wewe unajua hesabu za sosiete, mimi sizijui. Labda divizioni hii inalegea kweli, ninajua hatuko kama zamani. Lakini ninakuomba utusikilize juu ya neno moja, kwa sababu neno hili sisi tunalijua kuliko watu wote wa sosiete. «Kwa muda.» Tumeliona likija mara mbili hapa kwenye kiwanja hiki. Mara moja lilikuja na kufuli, likaenda kukaa kwenye mulango wa magunia. Mara moja lilikuja na viatu na sanduku dogo, likashuka kwenye treni, likacheza na sisi mbele ya mbuzi. Yote mawili yaliitwa kwa muda. Yote mawili yamekaa.

Sasa tunaambiwa linakuja tena. Sisi hatulikatai. Tunaomba tu: lije lenye viatu.

Hatuombi direkteri wa kweli. Mumuache huko huko, wa kweli tumeona wanavyotuacha! Tunaomba enterimeri. Awe kijana, awe muzee, atoke Kabalo ao Manono ao Equateur, asijue fundo hata moja, atalijifunza. Awe na sauti kubwa hata, tutamuzoea. Na kama mutamutuma kwa miezi mitatu, muandike miezi mitatu, sisi tunajua miezi yetu.

Ninaogopa, Sitwayeni Delege. Siwezi kuficha. Mimi kiti changu ni cha zamani, kikifungiwa nitalia na nitanyamaza, nimekikalia vya kutosha. Lakini kiti cha Julienne bado ni kipya. Baba yake amekichonga mwaka huu, kwa muti wa mukora, na bado hakijapata umbo lake. Ninataka kipate. Hilo tu njo shida yangu, na nikitazama macho ya akina mama hawa ninaona kila mumoja ana Julienne wake.

Basi. Sasa zawadi, kabla ndakala hazijapoa.

Papa Enterimeri, hiki ni kiti chako. Akina papa wa maboya wamechonga miguu, sisi tumefuma pa kukalia kwa mabaki ya uzi wa nailoni, wa kila rangi isiyotakiwa uliyopata kutuletea. Ukitazama kwenye kona utaona jicho moja limezidi kipimo. Si kosa, tumeliweka sisi wenyewe, na Mama Virginie alipigana apewe yeye kulifunga. Uangalie tu usiweke funguo mufukoni ukikaa, zitapita hapo na mizigo yao. Kule Lubumbashi watakupa kiti cha ngozi, na kule wewe ni titileri, utakikalia. Lakini kazi ikikuchosha, ukae kwenye hiki.

Na mwezi wa sita kule kuna baridi, Mama Thérèse, si kama hapa kwetu, uwanunulie watoto triko mbele ya kufika. Kwenye treni mununue ndizi Niemba, ni nzuri, lakini maji ya stasioni musinywe, nimewawekea ya kuchemsha kwenye kidumu. Na wewe Papa, ile homa ikirudi, usicheke ukiwa na dawa mudomoni.

Kuna kiti cha pili. Julienne, kilete. Kiinue wote wakione.

Ni sawa na kile cha kwanza, ila hiki hakina jicho kubwa, mwenyewe ataliweka atakapojifunza. Na hakina jina. Tumekifuma kwa enterimeri mwingine. Leo tutakiingiza ndani ya biro, chini ya kile kipande kilichotundikwa juu ya mulango, kimungojee.

Sitwayeni Delege, wewe umekaa kwenye kiti chenye magurudumu. Tulikupa kile kwa sababu njo kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, na ninaona umekizoea. Lakini ni cha Mama Virginie, na kesho asubuhi, Mungu akitaka, atakihitaji kwa kazi. Kwa hiyo tunaomba, ukisimama kusema maneno yako, usirudi kwenye kile. Ukae kidogo kwenye hiki kipya, utuambie kama kina nguvu ya kubeba muntu.

Nimemaliza, ninasikia njaa yenu kutoka hapa. Kwa Papa Enterimeri na jamaa yake, asanteni kwa miaka yote iliyoitwa miezi. Kwa wageni, asanteni kwa kunivumilia mpaka bukari, ugali wetu, imeshika ngozi. Na ninyi akina mama wa mafundo, muinuke, kila mumoja na kiti chake, tuviingize ndani ya atelie, kila kimoja mahali pake pa zamani. Changu na cha Julienne vitatangulia. Jioni ya leo, watu wa Kalemie wakituona tunapita njia panda, watatuona hatuna kitu kichwani.